Kuziba, Kushika na Kurudishia: Vitenzi vya Fundi katika Kutengeneza Tundu la Ukuta wa Jipsamu

IKISIRI

Makala haya yanajadili msamiati unaotumika katika kazi moja ndogo ya ujenzi, nayo ni kutengeneza tundu katika ukuta wa ndani uliojengwa kwa bodi za jipsamu. Mahali pa mfano ni Daraja Mbili, mjini Arusha. Hoja kuu ni kwamba kitenzi anachochagua mwalimu au mteja humwelekeza fundi katika kutenda, na kwamba jozi mbili za vitenzi, yaani kuziba na kurudishia, kukauka na kushika, zikichanganywa, kazi huharibika hata kama mkono wa fundi ni hodari. Makala yanapendekeza pia namna ya kuyaweka pamoja majina jasi na jipsamu badala ya kulifukuza mojawapo.

1.0 UTANGULIZI

Wataalamu wa istilahi za Kiswahili wamezoea kuelekeza macho yao katika sayansi zinazofundishwa madarasani. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa mwaka 1967, orodha nyingi za istilahi zimesanifiwa, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, upo ujuzi mwingi wa kisayansi usiopita darasani kabisa. Ujuzi huo hupita kwa mdomo, kutoka kwa fundi kwenda kwa kibarua wake, na chombo chake pekee ni Kiswahili cha kila siku.

Fundi wa nyumba ni mfano mzuri. Kila siku hushughulika na kemia: huchanganya unga na maji, hungoja mchanganyiko ugeuke jiwe, na huamua ni lini aumwagilie na ni lini auache. Sheria ya mwaka 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliweka mfumo rasmi wa kuwafundisha watu wa namna hii, lakini mafundi wengi bado hujifunza kazini kwa kutazama na kuambiwa. Kwa hiyo swali la makala haya ni la kawaida lakini lina uzito: je, maneno anayoambiwa mwanafunzi wa ufundi yanamfundisha jambo lililo kweli kuhusu kitu alichoshika mkononi?

Ili kulijibu swali hilo tumechagua kazi ndogo iwezekanavyo, yaani kutengeneza tundu la ukuta. Udogo wake unatuwezesha kulifuatilia kila neno hadi mwisho wa kazi.

2.0 DARAJA MBILI NA AINA ZA KUTA

Daraja Mbili ni kata ya Jiji la Arusha, chini ya miteremko ya kusini ya Mlima Meru. Ni mtaa wa wakazi wengi, wenye nyumba za kupanga, maduka na karakana. Hapa hukutana wasemaji wa Kimeru, Kiarusha, Kichaga, Kipare, Kirangi na lugha nyingine nyingi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha mafundi na wateja wao.

Katika eneo zima la Arusha na Meru twaweza kutofautisha aina tatu za kuta, na kila moja ina msamiati wake wa matengenezo.

Ya kwanza ni ukuta wa miti na udongo. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa, na udongo hujazwa katikati. Kitenzi chake ni kukandika. Kwa Wamaasai, ambao Waarusha wana nasaba nao ya lugha na utamaduni, kukandika nyumba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe ni kazi ya wanawake. Ukuta wa namna hii ukitoboka, hukandikwa tena kwa udongo uleule, na kiraka hukolea katika ukuta kwa sababu vyote viwili ni kitu kimoja.

Ya pili ni ukuta wa mawe au matofali ya saruji. Juu yake hupigwa lipu, yaani tabaka la mchanga na saruji, na mara nyingine niru, yaani uji laini wa saruji unaosuguliwa hadi ung'ae. Ukuta huu ukitoboka, nafasi kubwa hutomewa, yaani hujazwa vijiwe pamoja na udongo, chokaa au saruji, kisha hupigwa lipu upya.

Ya tatu ndiyo inayotuhusu. Ni ukuta mwepesi wa kugawa chumba, au dari, uliotengenezwa kwa bodi za jipsamu zilizofungwa kwa skrubu juu ya fremu ya mbao au ya bati. Bodi hiyo ni kiini cha jasi kilichobanwa kati ya karatasi mbili. Asili yake ni Marekani, ambako Augustine Sackett alipata hataza ya ubao wa tabaka za karatasi na plasta mwaka 1894. Ukuta wa namna hii ni mtupu ndani. Ukigongwa na pembe ya kabati au kitasa cha mlango, hutoboka, na nyuma ya tundu hakuna kitu cha kushikilia kiraka.

Tofauti hii ya mwisho ndiyo mwanzo wa tatizo letu. Fundi aliyelelewa katika kuta za aina mbili za kwanza hufika mbele ya ukuta wa tatu akiwa na maneno yaleyale, na maneno humpeleka katika vitendo vilevile.

3.0 MAJINA YA DOSARI

Kiswahili ni tajiri katika kutaja dosari za ukuta, na utajiri huo una faida ya kiutendaji.

Mbonyeo ni mahali palipoingia ndani bila kutoboka. Ufa ni mpasuko mwembamba wenye urefu. Shimo ni uwazi wenye kina, na kwa kawaida lina mwisho unaoonekana au unaodhaniwa kuwapo, kama shimo la ardhini. Tundu ni uwazi ambao kitu kinaweza kupita, mara nyingi mdogo, kama tundu la ufunguo. Tobo ni uwazi uliotokana na kutoboa. Jina lenyewe lina uhusiano na kitenzi toboa, na kwa hiyo hubeba ndani yake kumbukumbu ya aliyetenda. Mwenye nyumba anayemwambia mpangaji wake "umeniwekea tobo ukutani" amekwisha kutoa hukumu kabla ya kumwita fundi.

Methali yetu mashuhuri, "Usipoziba ufa utajenga ukuta", ilizaliwa katika kuta za aina mbili za kwanza. Ndani ya kuta hizo ufa ni dalili ya ukuta kuanza kuachana, na maji yakiingia, ukuta huanguka. Katika ukuta wa jipsamu hali ni nyingine. Mzigo hubebwa na fremu, wala si na bodi, kwa hiyo tundu haliangushi ukuta. Hatari yake iko kwingine: uwazi ulio nyuma ya bodi waweza kuwa na nyaya za umeme, na bodi iliyotoboka hupunguza kinga dhidi ya moto. Jasi ina maji ndani yake, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, na maji hayo huchelewesha moto kwa kugeuka mvuke. Tundu huupa moto njia ya mkato. Methali inabaki kuwa kweli, lakini sababu ya ukweli wake imebadilika, na mwalimu anayeitumia darasani anapaswa kueleza badiliko hilo.

4.0 KUZIBA NA KURUDISHIA

4.1 Maana ya kuziba

Kitenzi ziba kina kinyume chake kilichoundwa kwa kiambishi tenguzi, nacho ni zibua, kama vile funika na funua, bandika na bandua. Tunazibua bomba, mtaro, au pua. Katika mifano yote hiyo kinachozungumziwa ni njia: kilichozibuliwa sasa kinapitisha. Yafuata basi kwamba kuziba maana yake ya msingi ni kukomesha upitaji. Mwanga, upepo, maji, panya au sauti vikiacha kupita, tundu limezibwa. Kitenzi hiki hakisemi lolote juu ya sura ya uso wa ukuta, wala juu ya kitu kilichotumika kuziba. Gazeti lililokunjwa huziba. Kitambaa huziba. Saruji huziba.

Mazungumzo yafuatayo yametungwa ili kuonyesha jambo hili. Hayamhusu mtu yeyote.

(1) Mteja: Fundi, si nilikuambia uniziibie lile tundu?
    Fundi: Mama, nimeliziba. Weka mkono hapo, hata upepo haupiti.
    Mteja: Mbona kiraka nakiona tangu mlangoni?
    Fundi: Kiraka hakikosi kuonekana, mama. Wewe ulisema kuziba.

Kwa upande wa semantiki fundi ana haki. Alichoagizwa amekitenda. Kwa upande wa mteja, aliyekuwa akiufikiria ukuta mzima wenye rangi moja, kazi haijafanyika. Ugomvi kama huu huamuliwa kwa fedha: ama fundi hurudia kazi bila malipo, ama mteja hulipa mara mbili, ama mpangaji hukatwa amana yake wakati wa kuhama.

4.2 Kurudishia

Katika lugha ya kazi za ujenzi limo neno linalofaa zaidi. Waliochimba barabara ili kupitisha bomba hutakiwa kurudishia; waliotindua ukuta ili kupitisha waya hutakiwa kurudishia. Umbo lake ni rudi + -sh- + -i-: mnyambuliko wa kutendesha ukifuatwa na ule wa kutendea. Kilichokuwa kimeondoka kinafanywa kirudi, na kinarudi mahali pake au kwa mwenyewe. Kitenzi hiki, tofauti na ziba, kinadai hali ya awali. Hakiwezi kutimia bila kulinganisha: ukuta ulikuwaje kabla, na sasa ukoje?

Kutokana na uchambuzi huu tunapata kanuni rahisi ya kufundishia. Kuziba ni hatua. Kurudishia ni lengo. Anayeagiza kazi aseme lengo, na anayefundisha kazi ataje hatua zote zilizo kati ya mawili hayo. Hatua hizo lugha ya mafundi inazitaja kwa ufasaha: kukata, kupachika, kufunga, kubandika utepe, kupaka puti, kupiga msasa, kupaka rangi.

Inafaa tutue kidogo kwenye msasa. Karatasi ya kusugulia imechukua jina la mti wa msasa, ambao majani yake makavu na yenye mikwaruzo yalitumika kulainishia mbao. Hapa lugha haikuhitaji kukopa: kitu kipya kilipewa jina la kitu cha zamani kilichofanya kazi ileile. Mfano huu utatusaidia tutakapofika kwenye jasi.

4.3 Nafasi ya kitenzi piga

Kitenzi piga hupokea karibu kila nomino ya kazi: kupiga lipu, kupiga niru, kupiga rangi, kupiga msasa, na siku hizi kupiga skimu, yaani kupaka tabaka jembamba la puti juu ya ukuta mzima. Muundo huu ni mlango mpana wa kuingizia maneno ya kigeni, maana nomino yoyote ikiwekwa baada ya piga huwa tendo. Upana huo una gharama yake. Piga hakibainishi namna ya kutenda. Lipu hurushwa kwa mwiko na kusawazishwa. Puti huvutwa kwa bapa la kisu. Mwanafunzi aliyesikia "piga" mara mbili bila kuonyeshwa hujaza tabaka nene la puti kana kwamba ni lipu, nalo hupasuka likikauka. Mwalimu hana budi kuongeza kitenzi cha pili kinachoeleza mkono: rusha, vuta, sugua, sawazisha.

5.0 KUKAUKA NA KUSHIKA

Katika duka la vifaa vya ujenzi fundi hukutana na unga mweupe wa aina kadhaa: chokaa, saruji nyeupe, unga wa jipsamu, na puti ya kupakia kuta. Kwa macho zinafanana. Maandishi ya mifuko mara nyingi yako katika lugha ya kigeni. Na katika mazungumzo ya kawaida mwisho wa zote huelezwa kwa kitenzi kimoja: "ngoja ikauke".

Kukauka ni kupoteza maji. Lakini unga huu haugandi kwa njia moja.

(2) Chokaa hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa. Huchukua hewa ya kaboni polepole, na kazi hiyo yaweza kuchukua muda mrefu.

(3) Saruji hugeuka jiwe kwa kuungana na maji. Ikinyang'anywa maji mapema, haifiki mwisho wa nguvu zake. Ndiyo maana lipu na zege humwagiliwa kwa siku kadhaa.

(4) Jasi iliyochomwa hugeuka jiwe kwa kurudishiwa maji iliyoyapoteza. Jiwe la asili lilikuwa na maji. Kiwandani hupashwa moto wa karibu nyuzijoto 150 za Sentigredi, likapoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga. Fundi akiongeza maji, unga huyachukua tena na kurejea kuwa jiwe katika muda wa dakika chache au saa chache.

Kwa saruji na jasi, basi, kuganda si kukauka. Mafundi wenyewe wanalo neno linalofaa: saruji imeshika, zege limeshika. Kushika ni badiliko la ndani ambalo halirudi nyuma. Kukauka ni badiliko la unyevu, na kitu kilichokauka chaweza kuloweshwa tena.

Tofauti hii ina matokeo matatu ambayo kila fundi ameyaona, hata kama hajayapa jina.

Kwanza, unga wa jipsamu ulioanza kushika ndani ya beseni hauokolewi kwa kuongeza maji. Anayeamini kwamba "umekauka" atauongeza maji na kuutumia. Utakuwa dhaifu na kubanduka. Anayejua kwamba "umeshika" atautupa na kukoroga kidogo kidogo.

Pili, matunzo ya saruji na ya jasi ni kinyume. Kiraka cha saruji hunyweshwa maji. Kiraka cha jasi, kikishashika, huachwa kikauke kabisa kabla ya msasa na rangi. Fundi anayemwagilia kiraka cha jipsamu kwa mazoea ya lipu hulainisha kiini na kuiachanisha karatasi.

Tatu, saruji na jasi hazipatani penye unyevu. Salfeti iliyo katika jasi hukutana na viungo vya alumini vilivyo katika saruji, na kinachozaliwa huvimba. Tabaka hubambuka. Kwa hiyo kuziba tundu la jipsamu kwa lipu ya saruji, jambo ambalo kitenzi ziba hakilikatazi, ni kupanda mbegu ya tundu jingine, hasa wakati wa masika.

Ipo aina moja ya puti inayotatiza maelezo haya, nayo ni ile inayouzwa ikiwa tayari imekorogwa ndani ya ndoo. Hiyo hukauka kweli, haishiki. Ndiyo sababu hukaa laini ndoo ikiwa imefungwa. Kwa hiyo mwalimu asikifukuze kitenzi kukauka. Akitumie pale kinapostahili. Puti ya ndoo hukauka. Unga wa jipsamu hushika kwanza, kisha hukauka.

Kuna pia suala la usalama. Chokaa na saruji huunguza ngozi na macho. Unga wa jasi hauna ukali huo, ingawa vumbi lake halifai kuvutwa kifuani. Kibarua aliyezoea kuushika unga wa jipsamu kwa mikono mitupu, na ambaye huziita zote "unga mweupe", ataishika chokaa kwa namna hiyohiyo. Hapa upungufu wa jina ni jeraha.

6.0 JASI NA JIPSAMU

Neno jasi limo katika kamusi zetu tangu zamani kwa maana ya jiwe laini jeupe mfano wa chaki. Lina jina pacha lenye maana ya pambo la sikio. Katika taarifa za madini nchini Tanzania jasi ndilo jina la kawaida. Jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, na sehemu yake hupelekwa viwanda vya saruji, ambako huongezwa kwa kiasi kidogo ili saruji isishike upesi mno. Kwa maneno mengine, katika kila mfuko wa saruji anaoufungua fundi wa Daraja Mbili mna jasi kidogo tayari.

Hata hivyo fundi huyo hasemi jasi. Husema jipsamu, na kwake jipsamu ni bodi, ni dari, ni unga wa mapambo ya dari. Mchimbaji wa Makanya na fundi wa Arusha wote ni wasemaji wa Kiswahili, wote wanashughulika na madini yaleyale, na hawana neno la pamoja.

Mwelekeo mmoja ungekuwa kumwamuru fundi aache jipsamu. Mwelekeo huo hauwezi kufaulu. Jipsamu imekwisha kupata upatanisho wa kisarufi (jipsamu hii imevunjika), imepata fundi wake (fundi jipsamu), na imeenea hadi kwa watoto. Mwelekeo wa pili ungekuwa kuiacha jasi ife, jambo ambalo lingeukata uhusiano wa bidhaa na madini.

Tunapendekeza mgawanyo wa kazi, kama ule ambao lugha imeshaufanya katika msasa na karatasi ya msasa. Jasi liwe jina la madini na la unga utokanao nayo. Jipsamu liwe jina la bidhaa ya ujenzi. Fasili ya kamusi iseme hivi: jipsamu ni bodi au pambo la ujenzi lililotengenezwa kwa jasi. Sentensi hiyo moja inamfungulia mwanafunzi mlango: akijua kwamba jipsamu ni jasi, atayapata yote ambayo vitabu vya kemia vinasema kuhusu jasi, na kuyahamishia ukutani.

Saruji yenyewe inatupa funzo juu ya safari za maneno. Asili yake ni Kiajemi na Kiarabu, na katika Oman neno hilo lilitaja, na bado linataja, chokaa ya kujengea isiyopitisha maji, itengenezwayo kwa udongo uliochomwa na kutumika katika ngome na mifereji. Sisi tumelipa kazi mpya ya kutaja saruji ya viwandani. Neno halikuharibika kwa kuhama. Lilihitaji tu kufasiliwa upya.

7.0 MATINI YA MFANO

Ili kupima kama msamiati uliojadiliwa unatosha, tumeandika maelekezo mafupi ya kurudishia tundu la ukubwa wa ngumi. Msomaji atazame vitenzi.

(a) Zima umeme wa chumba kwenye swichi kuu. Chungulia ndani ya tundu kwa tochi uone kama kuna waya au bomba.

(b) Papasa kingo za tundu. Zikiwa zimelowa au zina ukungu, usiendelee. Tafuta maji yanakotoka, uyakomeshe kwanza. Kisha ukate sehemu yote iliyolainika.

(c) Kwa penseli na rula chora mraba unaolizunguka tundu. Kata kwa msumeno mwembamba. Mraba hurahisisha kupachika kiraka kuliko umbo lililovunjika ovyo.

(d) Ingiza ndani vipande viwili vya ubao virefu kuliko tundu. Vishikilie nyuma ya bodi, kimoja kila upande, uvifunge kwa skrubu kupitia bodi nzima. Vipande hivi ndivyo vitakavyokuwa mgongo wa kiraka.

(e) Kata kiraka kutoka bodi yenye unene uleule. Kama ukuta ni wa milimita 12, kiraka cha milimita 9 kitabonyea. Pachika, ufunge kwa skrubu. Kichwa cha skrubu kizame kidogo bila kuipasua karatasi, kwa maana karatasi ndiyo inayokishika.

(f) Bandika utepe wa wavu juu ya maungio yote manne.

(g) Koroga unga wa kuzibia maungio kwa kiasi utakachomaliza kabla haujashika. Vuta tabaka jembamba juu ya utepe. Likishashika, vuta la pili, pana zaidi, na la tatu, pana kuliko la pili. Upana huo ndio unaolificha ungio.

(h) Acha mpaka pakauke. Usimwagilie maji. Piga msasa kwa wepesi, ukiwa umefunika pua na mdomo.

(i) Paka rangi ya kwanza ya kufungia, kisha rangi ya ukuta. Ikiwezekana paka ukuta wote hadi pembeni, kwa sababu rangi mpya na ya zamani hazilingani.

(j) Simama mlangoni, mwanga ukiingia kwa upande. Kama huoni palipokuwa na tundu, umerudishia.

Matini haya hayakulazimika kukopa neno lolote ambalo fundi hana. Maneno yenye asili ya kigeni yaliyomo, kama skrubu, bodi, swichi na penseli, yamekwisha kuwa mali ya lugha. Ugumu haukuwa katika nomino. Ulikuwa katika kuchagua kati ya kushika na kukauka katika hatua za (g) na (h), na katika kuamua ni kitenzi gani kiifunge kazi katika hatua ya (j).

8.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba lugha ya fundi ina uwezo mkubwa wa kueleza kazi yake, na kwamba upungufu unaodhaniwa kuwa wa istilahi mara nyingi ni wa kutobainisha vitenzi ambavyo tayari tunavyo. Kuziba hukomesha upitaji. Kurudishia hurejesha hali ya awali. Kukauka ni kupoteza maji. Kushika ni kugeuka jiwe. Mwanafunzi anayeyatambua haya hahitaji kukariri kwamba saruji humwagiliwa na jipsamu haimwagiliwi, kwa kuwa sababu imo ndani ya neno.

Yapo mambo mawili yanayofaa kufuatwa na watafiti wengine. La kwanza ni kukusanya, kwa kila fani ya ujenzi, vitenzi vinavyotaja mabadiliko ya vitu, kama kushika, kuganda, kuchacha, kuiva na kulainika, na kuvilinganisha na fasili za kamusi za sayansi. La pili ni kuwahimiza watengenezaji na wauzaji wa vifaa waandike mifuko yao kwa Kiswahili, wakitaja angalau mambo matatu: unga huu ni nini, unashika au unakauka, na unadhuru macho au haudhuru. Maandishi hayo hayatazidi mistari mitatu, na kibarua aliyeanza kazi jana anaweza kuyasoma kabla ya kuingiza mkono ndani ya mfuko.